Jani Jekundu la Septemba: Maumbile, Majira na Chimbuko la Ilhamu katika Utunzi wa Kiswahili

1.0 Utangulizi



Kila mwaka, itimiapo siku ya 22 au 23 Septemba, usiku na mchana hukaribia kulingana duniani kote. Kwa watu wa Ulaya, Japani na Amerika ya Kaskazini, siku hiyo ni mlango wa majira mapya. Joto linaaga, baridi inabisha hodi, na miti mingi hubadili rangi ya majani yake kabla ya kuyaangusha. Waingereza huyaita majira hayo ‘autumn’. Kwa karne nyingi watunzi na wachoraji wa nchi hizo wamekuwa wakitoka nje majira hayo yaingiapo, wakatazama, wakasikiliza, na wakarudi na kazi za sanaa.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana na kazi hizo darasani, ama kwa Kiingereza ama katika tafsiri. Baadhi yao huathirika nazo kiasi cha kuandika mashairi ambamo majani mekundu hupukutika kwa huzuni katika kijiji ambacho miti yake haijawahi kufanya hivyo. Jambo hili linazua maswali mawili. Kwanza, je, mtunzi ambaye kwao hakuna majira hayo anaweza kupata ilhamu katika mageuko ya maumbile ya miezi hiyo hiyo? Pili, mfasiri akutanapo na neno hilo la Kiingereza aseme nini kwa Kiswahili?

Hoja yangu katika mhadhara huu ni kwamba maumbile hayana maana moja iliyo tayari kuchumwa na kila mtu. Jani, ndege na upepo hupata maana kutokana na mahali vilipo na kazi ambayo watu wa mahali hapo hufanya. Kwa hiyo ilhamu haiazimwi pamoja na msamiati wa majira ya wengine. Hupatikana kwa kutazama. Nitajaribu kuonyesha kuwa Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno yaliyozaliwa na utazamaji wa namna hiyo, na kwamba hazina hiyo imo hatarini.

2.0 Majira katika Lugha ya Kiswahili

Tuanze na neno lenyewe. Leo ‘majira’ ni kipindi cha mwaka, lakini kamusi za zamani, mathalani ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, hulipa neno hili maana nyingine pia: njia au mwelekeo wa chombo baharini. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kwenda mbio au kutiririka. Neno ‘msimu’ nalo linatokana na neno la Kiarabu ambalo, kupitia Kireno, liliwapa Waingereza jina la pepo za msimu. Maneno yetu mawili makuu ya kutaja vipindi vya mwaka, basi, yamefungamana na bahari na safari.

Fungamano hilo si la kubahatisha. Katika mwambao wa Afrika ya Mashariki mwaka hugawanywa na pepo mbili. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na zamani ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi hushika zamu tangu Aprili, na inapochachamaa mnamo Juni na Julai bahari huchafuka. Kati ya pepo hizo mbili hupita kipindi cha pepo zisizo na msimamo, ambacho mabaharia walikiita maleleji au tangambili. Mwishoni mwa kusi, kati ya Agosti na Oktoba, pepo hulainika. Hiyo ndiyo demani, wakati ambapo majahazi yaliyokuwa yamesubiri bandarini yaliweza kutweka tanga na kurudi kwao.

Juu ya ratiba hiyo ya pepo kuna ratiba ya mvua na hali ya hewa: masika kati ya Machi na Mei, kipupwe katika miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti, vuli kati ya Oktoba na Desemba, na kiangazi chenye jua kali. Wakulima na mabaharia wa pwani walikuwa pia na mwaka wa jua wa siku 365 ulioanza siku ya Nairuzi, na ambao siku zake zilihesabiwa kwa miongo, yaani makumi. Katika hesabu hii ‘mwongo’ si miaka kumi kama tunavyosema siku hizi, bali ni siku kumi. Jina Nairuzi limetoka Uajemi, ambako ni siku ya kwanza ya majira ya kuchipua kwa mimea, mwezi Machi. Lilipofika kwetu liliachana na majira hayo. Huko Makunduchi, Unguja, sherehe ya Mwaka Kogwa hufanyika Julai, katikati ya kipupwe. Waliolipokea jina hilo hawakuona haja ya kuipokea na hali ya hewa ya Uajemi.

3.0 Keats na Mtihani wa Mfasiri

Mfano ninaotaka kuuchunguza kwa undani kidogo ni wa John Keats. Tarehe 19 Septemba 1819, akiwa na umri wa miaka 23, Keats alitembea kando ya mto Itchen karibu na mji wa Winchester, kusini mwa Uingereza. Siku hiyo alitunga shairi la ‘To Autumn’, lililochapishwa mwaka uliofuata, na ambalo wahakiki wengi wanalihesabu kuwa miongoni mwa mashairi bora kabisa ya Kiingereza. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake siku mbili baadaye, alieleza jinsi mashamba yaliyokwisha kuvunwa yalivyompendeza katika matembezi yale. Alifariki Roma mwezi Februari 1821.

Je, shairi hilo tuliite nani kwa Kiswahili? Katika tafsiri na vitabu vya shule yanaonekana majina matatu: ‘majira ya kupukutika majani’, ‘vuli’ na ‘demani’. Tuyapime moja moja kwa mizani ya shairi lenyewe.

Jina la kwanza linaonekana kuwa salama, kwa kuwa linaeleza jambo ambalo kila mtu hulijua kuhusu majira hayo. Lakini anayelisoma shairi kwa makini atagundua kuwa ndani yake hamna majani yanayopukutika. Kuna matofaa yanayoinamisha matawi, nyuki wanaoendelea kutafuta asali, nafaka inayopepetwa, na mtu anayetazama matone ya mwisho yakitoka katika shinikizo la matofaa. Jioni kuna mashamba yaliyobaki mabua, nyenje, na mbayuwayu wanaokusanyika angani. Keats hakuandika juu ya kupukutika. Aliandika juu ya kukomaa, na juu ya utulivu unaokuja baada ya mavuno. Aidha, kitenzi ‘kupukutika’ katika Kiswahili hutumika pia kwa watu wanaokufa kwa wingi, kama vile kwa maradhi au njaa. Mfasiri akilitumia neno hilo katika anwani atakuwa ameingiza kifo mlangoni, ilhali mtunzi alimwacha akae mbali, nyuma ya jua linalotua.

Jina la pili, ‘vuli’, lina faida ya kuangukia miezi ile ile. Hata hivyo, vuli ni mvua. Mkulima wa Tanga au wa Kilifi akisikia vuli anafikiri jembe na mbegu. Shairi la mavuno litakuwa limegeuzwa shairi la kupanda, na msomaji atashangaa ghala limejaaje kabla ya shamba kupaliliwa.

Jina la tatu, ‘demani’, halina majani mekundu wala baridi inayokaribia. Lakini hali yake ya moyo inalingana na ya Keats: upepo mkali umetulia, mazao yaliyopandwa wakati wa masika yamekwisha kuvunwa, hewa ni laini, na wageni wanajiandaa kuondoka. Kwa maoni yangu, mfasiri wa shairi hili angefanya vyema kulichagua ‘demani’. Kwa shairi jingine, ambalo kweli linaomboleza majani yaangukayo, ningeshauri vingine. Kamusi haiwezi kuliamua jambo hili peke yake. Ni lazima mfasiri ajiulize kwanza: mtunzi aliona nini?

4.0 Jani Moja, Maana Mbili

Sasa tuliangalie jani lenyewe. Katika nchi za kaskazini, siku zinapokuwa fupi na hewa inapopoa, mti huacha kutengeneza klorofili, yaani ile rangi ya kijani inayouwezesha kujipatia chakula kutokana na mwanga. Klorofili inapokwisha, rangi ya manjano iliyokuwa imefichika ndani ya jani hujitokeza. Katika miti mingine hutengenezwa pia rangi nyekundu kabla jani halijaanguka. Ndiyo maana kwa Mwingereza au Mjapani wekundu wa majani ni dalili ya mwisho. Mshairi wa huko akiutumia kuashiria uzee au kuagana, anasema kitu ambacho jirani yake amekiona dirishani.

Katika miezi hiyo hiyo ya Septemba na Oktoba, nenda Tabora, Katavi au Ruvuma, au uvuke mpaka uwafikie wasemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi. Huko kote ni nchi ya miombo. Miti ya miombo hupoteza majani wakati wa kiangazi. Kisha, wiki kadhaa kabla ya mvua ya kwanza, huku ardhi ikiwa bado kavu na nyasi zimeungua, huchipua majani mapya kwa kutumia maji yaliyohifadhiwa ndani ya shina na chini ardhini. Majani hayo machanga hayaanzi na kijani. Huanza mekundu, ya rangi ya shaba, ya damu ya mzee na ya hudhurungi, kiasi kwamba mlima mzima huonekana kama unawaka. Wataalamu wa mimea hueleza kuwa rangi hiyo huenda ikalikinga jani changa dhidi ya jua kali na wadudu. Baadaye jani hugeuka kijani, na mvua hulikuta tayari.

Kwa hiyo, katika mwezi mmoja, rangi moja ya jani ina maana mbili zinazopingana. Winchester jani jekundu linakufa. Tabora jani jekundu limezaliwa. Mshairi wa Tabora anayeandika kuwa majani mekundu ya Oktoba yanamkumbusha kaburi amekariri darasa badala ya kuutazama mti. Na kwa kufanya hivyo amejinyima taswira yenye nguvu mno: tumaini linalochipua kabla ya sababu ya kutumaini haijaonekana. Mti wa myombo haungoji mawingu. Mshairi gani asingetamani kuwa na jazanda ya namna hiyo?

Mtu wa pwani ataniuliza: na mkungu je? Kweli, majani ya mkungu huwa mekundu na manjano kabla ya kuanguka, nao uko katika vichochoro na fukwe zetu nyingi. Lakini mkungu haufuati ratiba ya Ulaya, na mtu aketiye chini yake hafikirii baridi inayokuja. Anafikiri kivuli, na watoto wanafikiri kungu. Hata hapo, maana imetoka mahali.

Mfano wa pili ni mbayuwayu. Katika ubeti wa mwisho wa Keats ndege hao wanakusanyika, na msomaji wa Kiingereza anajua bila kuambiwa kuwa wanakaribia kuondoka. Mbayuwayu wa Ulaya na Asia huhama wakati huo kwenda kusini, na wengi wao hufika Afrika ya Mashariki, wakakaa nasi hadi Machi au Aprili. Kule ndege huyu ni kwaheri. Huku anafika pamoja na mawingu ya vuli, akiruka chini chini juu ya mashamba yanayotifuliwa, ni hodi. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na wangeweza kumwongeza mbayuwayu bila kukosea.

5.0 Watunzi Wetu na Maumbile Waliyoyaona

Huenda ikadhaniwa kuwa ninadai jambo jipya. La hasha. Watunzi wetu wakubwa wamelifanya muda mrefu. Katika Al-Inkishafi, utenzi unaokisiwa kutungwa mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitafakari kuanguka kwa mji wa Pate. Dhamira yake ni ile ambayo washairi wa kaskazini huipa majani yaangukayo, yaani kupita kwa fahari ya dunia. Lakini yeye hakuhitaji majani. Alitazama madaka ya nyumba, ambayo zamani yalipambwa kwa sahani za kigeni, akawaona makinda ya ndege yamelala humo. Alisikia wadudu wakivuma katika vyumba vilivyokuwa na watu. Pate ilikuwa mbele ya macho yake, na ilitosha.

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, aliishi katika mji wa vyombo na bandari. Alipotunga juu ya mvutano wa Mazrui wa Mombasa na Sultani Said, bahari ilimpa mafumbo ambayo kila msikilizaji wake aliyaelewa kwa kuwa kila mmoja aliijua. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki mwaka 2021, alipata kuwa mvuvi na baharia kabla jina lake halijavuma. Diwani yake ya Kimbunga ilitolewa mwaka 1994. Katika shairi lililoipa diwani hiyo jina, upepo wa angani unakuwa fumbo la msukosuko wa jamii. Visiwa vya Zanzibar vina kumbukumbu ya jambo hilo: Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja.

Bara nako hakukukosa macho. Euphrase Kezilahabi alikulia Ukerewe, na riwaya yake ya Rosa Mistika (1971) inatoka katika kisiwa hicho cha Ziwa Viktoria. Aliwaonyesha wasomaji waliozoea mwambao kuwa Kiswahili kinaweza kusimulia maji yasiyo na chumvi. Na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, ameziweka kalenda mbili katika kitabu kimoja. Katika By the Sea (2001), mzee kutoka Zanzibar anawasili Uingereza mwishoni mwa Novemba, akiwa na kumbukumbu za wafanyabiashara walioletwa na pepo za msimu. Ingawa kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiingereza, ugeni wa mzee huyo hupimwa pia kwa hali ya hewa: ametoka mahali ambapo Novemba ina maana nyingine.

6.0 Hatari Iliyopo

Sasa nifikie jambo linalonifanya niione mada hii kuwa ya haraka. Maneno niliyoyataja yalitunzwa na kazi. Nahodha aliyekosea tangambili alihatarisha chombo. Mkulima aliyekosea mwongo alipoteza mbegu. Majahazi makubwa ya msimu yalipungua sana katika nusu ya pili ya karne ya 20, na pamoja nayo ikapungua sababu ya kusema ‘maleleji’. Vijana wengi wa mijini wanajua ‘masika’, kwa sababu ya mafuriko na ya methali isemayo kuwa hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Lakini ‘demani’ kwao imebaki kuwa neno la mtihani.

Aidha, majira yenyewe yanayumba. Vuli hutegemea sana joto la Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu yanapopata joto kuliko kawaida na yale ya upande wa Indonesia yakapoa, mvua huzidi. Hali ikigeuka, mvua hukosekana. Mwaka 1961, 1997, 2019 na 2023 vuli ilifurika. Mwaka 2020, 2021 na 2022 ilikuwa haba mno katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki mwa Kenya, na mifugo mingi ikafa. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia. Mtunzi wa leo anayesema ‘vuli imekuja’ anasema jambo zito zaidi kuliko babu yake, kwa kuwa huenda isingekuja.

Hapa tunaweza kujifunza kwa Wajapani. Katika utanzu wao wa haiku, shairi huhitaji neno linalotaja majira, nao wana vitabu maalumu vinavyoorodhesha maneno hayo. La kufundisha zaidi ni lililowapata wahamiaji wa Kijapani waliofika Brazil katika karne ya 20. Huko miezi imepinduka na mimea ni mingine. Wale miongoni mwao waliotaka kuendelea kutunga walilazimika kutazama upya na kukusanya maneno ya majira ya Brazil. Waliihifadhi sanaa yao kwa kuyaacha majani ya kwao.

7.0 Hitimisho

Mabibi na mabwana, nimejaribu kueleza kuwa ilhamu itokayo katika maumbile haitegemei kuwapo kwa majira fulani yanayosifiwa. Keats alitembea kando ya mto, akaandika alichokiona. Tukimwiga kwa haki, tutatembea kando ya mito yetu na kuandika tunachokiona.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, idara zetu za Kiswahili ziwatume wanafunzi kwa mabaharia, wavuvi, wakulima na warina asali wakusanye maneno ya majira pamoja na maelezo yake, kuanzia Lamu na Kilwa hadi Tabora na Katanga, kabla wenye maneno hayo hawajatutoka. Tusiishie pwani, maana bara kwingi hakuna vuli na masika. Mvua huko ni moja, tangu Novemba hadi Aprili, nayo ina majina na dalili zake. Pili, mfasiri asilichukulie jina la majira kuwa kisawe chepesi. Achague kwa kufuata kile ambacho kazi husika inakitazama. Tatu, mwalimu wa ushairi, kabla ya kufundisha vina na mizani, awatoe wanafunzi nje ya darasa katika mwezi wa Septemba na kuwauliza maswali machache: upepo unatoka wapi, ni ndege gani aliyefika, na jani lile jekundu linaanguka au linachipua?

Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo la mwisho kwa kuunyanyulia mti macho yake atakuwa amekwisha kuanza kutunga.